Fadhila, Majini na Udada: Urithi wa Njia ya Misafara ya Tabora katika Bunilizi ya Vijana

Bunilizi ya mahaba kati ya binadamu na viumbe wa ghaibu, inayopendwa na vijana wa Ulaya na Marekani, huchota mengi katika ngano za kale. Mara nyingi mhimili wake ni msichana anayejitoa mhanga kwa ajili ya dada yake. Makala hii inaeleza kwamba mtunzi wa Kiswahili anayeiweka bunilizi ya aina hiyo Tabora hana haja ya kuazima mhimili huo. Njia ya misafara imemwachia mapokeo mawili yanayouliza swali lilelile: ndugu wa kweli ni nani?

Pokeo la kwanza lilitoka mashariki. Njia ya Bagamoyo ilipofika Tabora iligawanyika, tawi moja likienda Ujiji na jingine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga makazi. Pamoja na nguo, shanga na pembe za ndovu, njia hiyo ilipitisha Kiswahili, Uislamu na dhana ya jini.

Katika Alfu Lela Ulela, mwanamke anayetupwa baharini na dada zake kwa wivu ananusurika, kisha anamwokoa nyoka ambaye kumbe ni jini wa kike. Jini huyo anamlipa kwa kuwageuza wale dada kuwa mbwa, na kumwamuru awachape kila siku. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), alitumia kisa pacha kinachohusu ndugu wa kiume. Huria, jini aliyeokolewa na Adili, anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani. Katika visa vyote viwili, anayelipa fadhila ni jini wa kike, naye anatenda kama ndugu kuliko ndugu wa damu. Hata hivyo, aliyelipwa fadhila hafurahii adhabu hiyo: anachapa huku akilia. Uchungu huo ndio kiini cha kisa, kwa sababu usaliti hauvunji damu.

Pokeo la pili ni uswezi, chama cha pepo cha Wanyamwezi na Wasukuma chenye uhusiano na ibada za Ryangombe za eneo la Maziwa Makuu. Hapa pepo hamlipi mtu mmoja fadhila; humwingiza katika jamaa mpya, yenye wajibu na siri zake. Undugu haurithiwi tu, bali pia hupatikana kwa kupitia jando la chama.

Kwa hiyo, uteuzi wa istilahi si jambo dogo. Kiumbe huyo wa Ulaya akiitwa "malaika", deni linapotea, kwa kuwa malaika hadaiwi wala hadai. Akiitwa "jini", msomaji anatarajia fadhila na malipo. Akiitwa "pepo", anatarajia kuingizwa katika jamaa. Riwaya ya Tabora yenye dada wawili, mmoja akiitwa na jini na mwingine na waswezi, ingeyakutanisha mapokeo haya pale njia zenyewe zilipokutana.