Je, Wajua? Milimita Moja ya Nyuki
Nyuki anapopigwa picha kwa lenzi ya makro, yaani lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na taswira yake ikaangukia kihisi cha kamera chenye upana wa milimita 36 kwa ukubwa wake halisi, kina cha fokasi, ambacho ni unene wa sehemu inayoonekana bila ukungu, huwa takriban milimita 1 tu hata tundu la lenzi likibanwa hadi f/8. Kulibana mno hakusaidii, kwa kuwa mwanga hutawanyika ukingoni mwa tundu na picha nzima ikafifia. Ndiyo maana hupigwa picha kadhaa, fokasi ikisogezwa kidogo kidogo kutoka machoni hadi mbawani, kisha programu ikaziunganisha. Kazi hiyo hufaa alfajiri, mdudu akiwa amezubaa kwa baridi, ingawa upepo mdogo unaotikisa ua hutosha kuiharibu.