Jua Mwendo Wako: Hesabu ya Dakika kwa Kila Kilomita

Barabara za wadi ya Chawia, katika eneo la Mwatate, hazimhurumii mkimbiaji. Ni miinuko, miteremko na kona, na asubuhi nyingine ukungu hufunika kila kitu. Kijana anayejiandaa kwa mashindano au kwa usajili wa makurutu anaweza kufanya mazoezi miezi mingi, kisha siku yenyewe aanze kwa kasi kupita uwezo wake na kuishiwa nguvu njiani. Mara nyingi tatizo huwa si miguu. Huwa ni kutojua mwendo wake, yaani muda anaotumia kukimbia kilomita moja.

Hatua za hesabu

Kinachohitajika ni umbali na muda. Tuseme mkimbiaji amemaliza kilomita 5 kwa dakika 27 na sekunde 30.

1. Geuza muda wote uwe sekunde: 27 × 60 = 1,620. Ongeza 30, upate 1,650.
2. Gawanya kwa umbali: 1,650 ÷ 5 = sekunde 330 kwa kila kilomita.
3. Rudisha kwenye dakika: 330 ÷ 60 = 5, baki 30.

Mwendo wake ni dakika 5 na sekunde 30 kwa kilomita.

Kosa la kuepuka

Wengi huandika 27.30 kwenye kikokotoo, wakagawanya kwa 5 na kupata 5.46. Wanasoma jibu hilo kama dakika 5 na sekunde 46. Si sahihi, kwa sababu dakika ina sekunde 60, si 100. Kosa hilo la sekunde 16 kwa kilomita, katika mbio za kilomita 10, linakuwa dakika 2 na sekunde 40. Hiyo inatosha kumfanya mtu akose nafasi.

Kupima umbali

Mzunguko mmoja wa uwanja wa kawaida wa riadha ni mita 400 kwenye njia ya ndani, hivyo kilomita 5 ni mizunguko 12 na nusu. Kwa barabara ya kijijini, mita ya bodaboda inaweza kusaidia: soma namba mwanzoni na mwishoni, kisha toa. Simu pia hupima, lakini inaweza kukosea penye miti mingi na kona.

Mlima na mteremko

Usichukue wastani wa mwendo wa kupanda na wa kushuka bila kuangalia umbali. Aliyepanda kilomita 3 kwa dakika 7 kila moja, kisha akashuka kilomita 1 kwa dakika 5, ametumia dakika 26 kwa kilomita 4. Mwendo wake ni dakika 6 na sekunde 30, si dakika 6. Kujua kama unaendelea vizuri, linganisha njia ileile, wiki kwa wiki.

Kutumia jibu

Anayetaka kumaliza kilomita 10 kwa dakika 50 anahitaji dakika 5 kwa kilomita. Akifika kilomita ya kwanza kwa dakika 4 na sekunde 20 kwenye barabara tambarare, apunguze kasi mapema.

Hata mabingwa hupiga hesabu hii. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hizo ni sekunde 7,180, sawa na takriban dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita. Siri yake ilikuwa kushikilia mwendo huo karibu bila kubadilika hadi mwisho.

Usalama kwanza

Penye barabara isiyo na njia ya waendao kwa miguu, kimbia upande unaotazamana na magari, na vaa nguo za rangi inayoonekana, hasa wakati wa ukungu. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na utafute huduma ya afya mara moja. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au pumu amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi.