Ekzosi Mpya na Shokapu Ndefu: Tafakari Kabla ya Kununua

Njia kuu itokayo Gitega kwenda Muyinga hupita Karuzi, ikipanda na kushuka vilima. Katika njia hiyo, na zaidi katika vijia vya udongo mwekundu viiachavyo kuelekea vijijini, pikipiki ndiyo gari la wengi. Hubeba mgonjwa kwenda zahanati, mwalimu kwenda shuleni, gunia la maharagwe na mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Zipo nyumba nyingi ambazo chakula cha jioni na karo ya watoto hutokana na pikipiki moja tu. Kwa hiyo kila badiliko lifanywalo katika chombo hicho ni jambo la nyumba nzima, wala si la dereva peke yake.

Mabadiliko mawili hupendwa sana na vijana. La kwanza ni kuondoa bomba la moshi lililotoka kiwandani, ambalo mafundi huliita ekzosi, na kufunga jingine lenye sauti kubwa. La pili ni kufunga shokapu za nyuma zilizo ndefu zaidi ili pikipiki isimame juu. Wiki hii tutaeleza faida na hasara za mambo hayo mawili, ili baba na mama wakae pamoja na kuamua kabla fedha haijatoka mfukoni.

KAZI YA EKZOSI

Wengi hudhani ekzosi ni bomba la kupitishia moshi tu. Sivyo. Urefu wake, upana wake na vizuizi vilivyomo ndani yake vimepimwa na kiwanda kulingana na injini yenyewe. Katika pikipiki za mipigo miwili, kama vile Yamaha DT 125 za zamani, tumbo la ekzosi hurudisha wimbi la hewa kuelekea silinda na kuzuia petroli mbichi isitoroke. Ukibadili umbo la tumbo hilo bila hesabu, nguvu hupungua badala ya kuongezeka.

Katika pikipiki za mipigo minne, kama Bajaj Boxer na TVS HLX zilizoenea Afrika Mashariki, bomba lililo wazi hupitisha moshi kwa wepesi zaidi. Lakini hapo uwiano wa hewa na petroli hubadilika pia. Petroli ikiwa haba kulingana na hewa, injini huchemka kupita kiasi na vali zaweza kuungua. Fundi mwema hufungua plagi na kuitazama. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni dalili ya afya. Weupe wa chokaa ni dalili ya petroli haba. Masizi meusi ni dalili ya petroli kuzidi. Ikiwa plagi ni nyeupe, jeti ya kabureta hubadilishwa kwa ile yenye tundu kubwa zaidi.

Yafaa pia kukumbuka urefu wa mahali. Gitega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko pwani. Kabureta iliyorekebishwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, itatoa petroli nyingi mno ikifika vilimani. Basi marekebisho yafanywe mahali ambapo pikipiki itafanya kazi. Petroli imekuwa adimu sana nchini Burundi katika miaka ya karibuni, na kila tone lipotealo ni hasara kwa nyumba.

Sababu ya haki ya kununua ekzosi mpya ni moja: ya zamani imeoza kwa kutu au imepasuka. Hapo tafuta iliyotengenezwa kwa aina ya pikipiki yako. Zile zilizopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa hupigwa muhuri wa herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali.

MAKELELE SI NGUVU

Wako wasemao kwamba sauti kubwa huokoa maisha kwa kuwa wenye magari huisikia. Ukweli ni kwamba sauti ya ekzosi huelekea nyuma zaidi kuliko mbele, na hatari nyingi za dereva ziko mbele yake. Taa inayowaka na mwendo wa kiasi humlinda zaidi.

Masikio nayo huumia. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 mtu asiisikilize zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Dereva wa abiria humaliza saa hizo 4 kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza. Masikio yakishakufa hayafufuki, na dereva asiyesikia honi ya lori nyuma yake hana usalama. Tuwafikirie pia wagonjwa hospitalini, wanafunzi darasani, na mtoto mchanga anayeamshwa usiku.

SHOKAPU NDEFU

Mwenye pikipiki aonapo mkia umezama kwa uzito wa mizigo, husema, "Nitafunga shokapu ndefu." Hapa pana kosa la kufikiri. Urefu ni jambo moja, na ugumu wa springi ni jambo jingine. Springi laini, hata iwe ndefu namna gani, itazama chini ya gunia lile lile. Dawa ya mzigo ni springi yenye nguvu zaidi, au kwanza kabisa kuzungusha pete iliyo chini ya springi, ambayo katika pikipiki nyingi ina ngazi kadhaa. Kazi hiyo haigharimu chochote. Na ikiwa shokapu zinavuja mafuta, au mkia unaendelea kuruka-ruka baada ya kukandamizwa mara moja, zimekwisha. Nunua jozi mpya za urefu ule ule.

Shokapu ndefu zina faida yake mahali penye mawe na makorongo, kwa kuwa tumbo la pikipiki huinuka. Lakini kila kitu kina gharama. Nyuma ikiinuka kwa milimita 25 tu, pikipiki ndogo hulala mbele kwa kadiri ya digrii moja. Foki za mbele husimama wima zaidi, na usukani huwa mwepesi. Wepesi huo hufurahisha mjini, lakini katika mteremko wenye kokoto, abiria akiwa nyuma, gurudumu la mbele huanza kutikisika.

Hasara nyingine huonekana baadaye. Taa ya mbele huinama na kumulika karibu, hivyo usiku shimo huonekana limeshafika. Stendi ya pembeni huwa fupi, na pikipiki iliyoegeshwa uani yaweza kumwangukia mtoto. Kiti huinuka, na dereva mfupi hafikishi nyayo zote mbili chini. Mama aliyevaa vitenge, mwenye mtoto mgongoni, hupanda na kushuka kwa shida.

NAMNA YA KUFUNGA

Ikiwa mmekwisha kuamua, kazi ifanywe kwa utaratibu. Msibadili vyote viwili siku moja, kwani kasoro ikitokea hamtajua imetoka wapi.

Kwa ekzosi, injini iwe baridi. Legezeni nati za kichwa cha silinda kwa zamu, kidogo kidogo, maana zilizoshikwa na kutu hukatika upesi. Wekeni gasketi mpya. Ya zamani ikishabanwa haifai tena. Shikizeni boliti zote bila kuzikaza, kisha kazeni kwanza upande wa injini, mwisho kishikizo cha nyuma. Washeni injini mpaka ipate moto, zimeni, iacheni ipoe, kisha kazeni tena. Mlio wa pata-pata dereva aachiapo mafuta kwenye mteremko mara nyingi ni dalili ya hewa kupenya kwenye maungio.

Kwa shokapu, simamisheni pikipiki mahali tambarare juu ya stendi ya kati. Zikiwa za urefu ule ule, badilisheni upande mmoja baada ya mwingine. Zikiwa ndefu zaidi, haiwezekani, kwa kuwa ile fupi iliyobaki itazuia gurudumu lisishuke. Lazima zote mbili zifunguliwe, na gurudumu lishikiliwe kwa gogo la mti. Hakikisheni kwamba tundu la shokapu na bushi yake vinaenea barabara kwenye msumari. Bushi inayocheza hula chuma. Kisha tazameni kama cheni, fimbo ya breki na ekzosi havigusani na kitu.

Cheni ipimwe upya, na dereva akae juu ya kiti wakati wa kupima. Iliyokazwa sana hukatika gurudumu lipandapo, na iliyolegea hutoka kwenye meno. Rekebisheni taa ukutani jioni, na stendi ya pembeni iongezwe urefu. Safari ya kwanza iwe bila abiria, na nati zote zikazwe tena baada yake.

MGUU ULIOUNGUA

Tusisahau kovu linaloonekana kwenye miguu ya abiria wengi. Ekzosi nyingi za kubadilisha huuzwa bila bati la kukinga joto. Msikubali kufungiwa bomba lisilo na kinga. Abiria na apande kwa upande wa kushoto ikiwa ekzosi iko kulia, na watoto wasicheze karibu na pikipiki iliyotoka safarini.

Ajali ikitokea, mwagieni jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta ya kula, siagi wala udongo. Msipasue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi, na mpelekeni zahanati ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au liko kwenye kiungo, au ni la mtoto mdogo.

UAMUZI WA NYUMBA

Ndugu msomaji, hatusemi kwamba kila badiliko ni baya. Pikipiki iliyochakaa haina budi kutengenezwa. Lakini fedha ya nyumba ina zamu yake. Kwanza tairi lenye meno, breki zinazoshika, kofia ya dereva na ya abiria. Kisha shokapu nzima na ekzosi isiyovuja. Mwisho kabisa, kama kitabaki kitu, urembo. Abiria wa Karuzi anayekwenda Muyinga alfajiri haulizi pikipiki ina sauti gani. Anauliza kama itamfikisha.