Nazali Kabla ya Konsonanti Sighuna: Kizuizi cha Mfuatano wa Sauti katika Kiswahili Sanifu

Maelezo ya fonotaktiki ya Kiswahili mara nyingi huishia katika kuorodhesha mifuatano ya konsonanti inayokubalika. Orodha ya namna hiyo humfaa mwanafunzi anayeanza, lakini haielezi kwa nini mfuatano uleule ukubalike katika neno moja na ukataliwe katika jingine.

Kiambishi nazali cha ngeli ya 9 na ya 10 kinadhihirisha tatizo hilo. Kinapotangulia konsonanti ghuna, hubaki: nguo mbaya, nyumba nzuri. Mbele ya /l/ na /r/, sauti hizo hugeuka /d/, ndipo -refu ikawa ndefu na wingi wa ulimi ukawa ndimi. Kinapotangulia konsonanti sighuna, hudondoshwa: nguo pana, nyumba kubwa, chai tamu, na kuta kama wingi wa ukuta. Udondoshaji huo uliacha alama: katika Kimvita, kaa wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, ilhali kaa la moto halina mpumuo.

Hata hivyo, husemwa nyumba mpya, wala si *nyumba pya. Vivyo hivyo nchi na nta. Mashina haya yana silabi moja tu, na nomino au kivumishi cha Kiswahili hudai angalau silabi mbili. Kwa hiyo nazali hubaki, ikawa silabi na kubeba mkazo. Inavutia kudai kwamba mkazo ndio unaoihifadhi, lakini neno nchini linapinga dai hilo: mkazo umehamia -chi-, na nazali ingalipo. Inaelekea sharti la silabi mbili hutekelezwa katika umbo la msingi, kabla ya kuongezwa kiambishi -ni.

Maneno kama mtu, mpira na mkate hayakivunji kizuizi, kwa kuwa /m/ yake imetokana na mu- na ni silabi kamili. Katika benki na kampuni, ambayo ni maneno ya mkopo, nazali hufunga silabi iliyotangulia. Kinachokatazwa, basi, ni nazali na konsonanti sighuna kuanza silabi moja kwa pamoja, si kukaribiana kwake tu.

Tahajia huficha tofauti hii. Mbuni aliye ndege ana silabi mbili, mbu-ni. Mbuni ulio mti wa kahawa una tatu, m-bu-ni. Mtafiti anayehesabu mifuatano kutokana na maandishi pekee atayaingiza maneno hayo mawili katika safu moja.