Posta Ikigoma, Omurushaka Itajuaje?

Basi la kutoka Dar es Salaam likiingia Omurushaka, wanaolikimbilia si ndugu wa abiria tu. Wapo waliofuata mizigo yao: spea ya pikipiki iliyozungushiwa gazeti, dawa za bibi, sare ya shule, bahasha ya kaki yenye vyeti vya kijana anayetafuta kazi. Kila mmoja ana simu mkononi na namba ya konda ameshaihifadhi. Konda anasoma majina yaliyoandikwa kwa wino mzito juu ya maboksi, anauliza namba ya aliyetuma, anakabidhi, anageukia mwingine. Stempu haipo, mhuri haupo, sanduku la barua halipo. Kwa watu wengi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hiyo ndiyo posta, ingawa hakuna hata mmoja pale aliyeajiriwa na Shirika la Posta Tanzania.

Hebu basi mtu asimame katikati ya kundi hilo na kuwatangazia kwamba wafanyakazi wa posta wamegoma. Pengine angeulizwa: "Posta ipi?"

Kwingineko tangazo hilo huwatoa watu jasho. Tarehe 15 Novemba 2024, wafanyakazi wapatao 55,000 wa posta ya Kanada waliacha kazi wakidai mishahara na masharti bora, wiki chache kabla ya Krismasi. Wenye biashara ndogo waliokuwa wakituma bidhaa zao kwa posta walibaki na maboksi yamejaa sebuleni katika msimu ambao ndio uliopaswa kuwalipia mwaka mzima. Serikali ilizuia pasipoti mpya zipatazo 85,000 zisiingizwe kwenye mfumo wa posta, zisije zikakwama njiani.  Hasira ilipanda, wengine wakiilaumu menejimenti, wengine wakiwalaumu wagomaji, hadi serikali ilipoingilia na kazi ikarudi tarehe 17 Desemba. Septemba mwaka uliofuata mgomo ulizuka tena, safari hii baada ya serikali kutangaza mpango wa kupunguza upelekaji wa barua hadi majumbani.

Kwa msomaji wa Kayanga au Nkwenda, hapo pa barua kupelekwa hadi mlangoni ndipo panaposhangaza kuliko mgomo wenyewe. Tanzania ilijengwa juu ya S.L.P.: barua inakufuata hadi mjini, halafu wewe unaifuata mjini. Na kwa kuwa wengi hawakuwa na sanduku lao, barua ya mtu wa kijijini iliandikwa kupitia shule ya msingi, misheni au ofisi ya kata. Mwalimu mkuu alirudi nayo kutoka mjini, akamkabidhi mwanafunzi wa jirani, mwanafunzi akaipeleka ikiwa imekunjwa ndani ya daftari. Barua moja ilipita mikononi mwa watu kadhaa ambao posta haikuwalipa senti. Ikichelewa, usingejua kama imelala Dar, imelala Bukoba, au imelala kwenye begi la mtoto wa darasa la nne.

Hata hivyo, ulikuwapo wakati ambapo mgomo wa posta ungeumiza hadi huku. Tangu 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kwa pamoja, na shirika hilohilo ndilo lililoshika simu na telegramu. Karani aliyegonga mhuri, fundi wa nyaya na mpokea simu walikuwa chini ya mwajiri mmoja. Kwa hiyo wafanyakazi wa posta wa Tanganyika walipogoma mwishoni mwa 1959 hadi mapema 1960, hawakugusa barua peke yake. Waligusa hawala iliyobeba karo, telegramu ya msiba, na simu ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Mgomo huo ulikuwa bado haujasahaulika wafanyakazi wa reli walipogoma kwa siku 82. Mzigo wa Bukoba ulipita Mwanza kwa reli na kuvuka ziwa kwa meli, kabla ya kupanda malori kuelekea Karagwe. Anayekaa mwisho wa njia huumizwa na kila anayesimama njiani.

Nguvu hiyo ya kusimamisha nchi serikali mpya ya uhuru iliiona, na haikuipenda. Mwaka 1962 ilipitisha sheria iliyofanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja kilichofungamana na chama tawala, TANU. Kizazi kizima kilikua bila kuona karani wa posta amebeba bango. Sheria ya ajira ya 2004 iliurudisha mgomo kama haki, lakini ukiwa na ngazi za kupanda: usuluhishi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kura ya wanachama, kisha notisi ya saa 48. Huduma ambazo mgomo wake umezuiliwa zimetajwa, zikiwamo maji, umeme, afya na zimamoto. Posta haimo. Sijui kama hilo ni heshima kwa wafanyakazi wake au ni dharau.

Maana silaha ya mgomo inataka kitu kimoja: mteja asiwe na pengine pa kwenda. Waingereza walilionja hilo mapema. Posta yao ilipogoma kwa siku 47 mwaka 1971, serikali iliruhusu kwa muda watu binafsi kusafirisha barua, na ghafla zikazuka posta ndogondogo zenye stempu zake. Wafanyakazi wakarudi kazini bila kupata walichodai. Hapa kwetu hakuna aliyengoja mgomo. Shirika la Posta na Simu liligawanywa, na mwaka 1994 posta ikabaki peke yake bila simu. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia nchini, na hawala ya karo ikahamia kwa wakala mwenye meza na mwavuli. Salamu zikahamia kwenye ujumbe mfupi. Vifurushi vikapanda basi.

Wafanyakazi wa posta ya Kenya wameyaona matokeo ya hali hiyo kwa macho yao. Mwaka 2023 walikaa miezi kadhaa bila mshahara, huku chama chao kikilia na serikali ikiahidi. Nairobi haikusimama. Mtu anayenyimwa mshahara anaweza kutishia kuacha kazi, lakini kitisho hicho kinamtia nani hofu ikiwa foleni ya dirishani ilishahamia mahali pengine? Uchungu wa mteja aliyekosa barua tunaufahamu, una kelele. Uchungu wa karani ambaye kukosekana kwake hakuonekani huishia nyumbani kwake.

Kama Karagwe inataka kujua mgomo wa posta unavyouma, na ikumbuke Ijumaa ya tarehe 10 Aprili 2015. Siku hiyo madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, wakipinga agizo la kuwataka warudi darasani kila wanapohuisha leseni, na wakidai mikataba ya ajira. Kwenye stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, abiria na watoto wao walikaa juu ya mabegi, mabomu ya machozi yakapigwa, na mchana serikali ikalegeza agizo lake. Mwezi Mei madereva wakagoma tena. Magazeti yaliandika habari za abiria. Lakini basi lisilotoka stendi ya Dar huacha nyuma pia buti zima la maboksi yenye majina, na kila boksi lina mtu anayelisubiri zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapo. Mtu huyo hana stakabadhi ya kudai fidia. Ana namba ya konda, na simu ya konda imezimwa.

Hapo ndipo tofauti ya posta na basi inapoonekana. Barua ya rejista au kifurushi cha EMS, huduma ya haraka ya posta, kina namba, kina mhuri, kina ofisi inayowajibika kisheria kikipotea. Boksi la basi huwa na karatasi ndogo ya ofisi ya basi, pengine halina hata hiyo. Ndiyo sababu mwalimu wa Murongo anayetuma vyeti vyake halisi bado anasitasita. Basi litafika kesho kutwa, posta huenda ikachukua siku zaidi. Anapiga hesabu, anampigia simu binamu yake wa Bukoba kumwomba ushauri, kisha anapanda bodaboda na bahasha kifuani, ndani ya koti, akiwa bado hajaamua aelekee dirisha lipi.