Trekta kuukuu na baridi ya Buha (Sehemu ya pili): Tazama moshi kwanza

Wiki iliyopita tulishughulika na betri: vichwa vilivyoota chumvi, waya wa ethi uliolegea, na maji ya betri ambayo wengi hukumbuka kuyaongeza betri ikishakufa. Tuchukulie kwamba hayo yamekwisha. Stata inazungusha injini kwa nguvu, lakini trekta bado limegoma. Ni asubuhi ya mwezi wa saba huko Heru Juu, mashine ya kupukuchua mahindi imeshafungwa nyuma, wenye mahindi wamekaa juu ya magunia wanasubiri. Dereva anasema ni baridi. Nataka leo tuipime kauli hiyo, kwa sababu imewagharimu watu wengi wa Kasulu na Kibondo fedha ambazo hazikupaswa kutoka.

Sehemu kubwa ya Buha iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake vinapanda juu zaidi. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kwa mkulima wa Kanada hiyo ni hali ya hewa ya kupendeza, na injini nzima haina sababu ya kukataa kuwaka ndani yake. Kwa hiyo trekta linapogoma hapa kwetu, baridi imekuta jambo ambalo tayari lilikuwa limeharibika.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa hadi ibaki kama sehemu moja ya kumi na saba ya ujazo wake, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi unapojaza tairi. Dizeli ikipulizwa ndani ya hewa hiyo huwaka yenyewe. Kwa hesabu ya vitabuni, hewa iliyoingia na nyuzi 15 inaweza kufika karibu nyuzi 500, na kila nyuzi 10 zilizopungua mwanzoni huwa zaidi ya nyuzi 25 mwishoni. Ndani ya chuma kilicholala nje usiku kucha, sehemu ya joto hilo huibwa na kuta za silinda. Ringi zikiwa zimelika, hewa hupenya pembeni kabla haijabanwa sawasawa. Stata ikizungusha polepole, hewa hupata muda mrefu zaidi wa kupenya. Ongeza kwamba kwenye mita 1,500 kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Trekta lililowaka vizuri pwani likiwa limechoka nusu, huku juu litaonyesha uchovu wake wote.

Sasa simama pembeni, mwombe mwenzako azungushe injini, nawe utazame ekzosi. Watu wengi huruka hatua hii, na hii ndiyo inayookoa siku.

Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Usiguse kitu kingine chochote hadi uipate njia ilikokatika. Trekta lililolimia mwezi wa Novemba likaegeshwa hadi mavuno mara nyingi limeingiza upepo kwenye mirija, au maji yametuama chini ya filta. Legeza kizibo cha chini cha filta uchuruzishe kwenye chupa inayoonyesha ndani: maji hukaa chini, dizeli juu, yanaonekana wazi. Maji hayo hayakuletwa na muuzaji peke yake. Tanki lililolazwa nusu hutoa jasho ndani usiku, kwa hiyo jaza tanki jioni, usingoje asubuhi. Nunua pia mahali unapopafahamu. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji kwa mafuta ya taa, lakini kinasaba hakiwezi kuondoa maji yaliyoingia kwenye pipa la barabarani.

Kutoa upepo kuna utaratibu wake. Anza na skrubu ya juu ya filta, fuata zile za pampu kubwa, malizia na nati za nozo huku injini ikizungushwa. Unapampu kwa kile kikono kidogo cha pampu ya kuvutia mafuta, hadi mapovu yaishe na dizeli itoke safi. Hapo hutokea jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu: kikono kinapanda na kushuka kikiwa chepesi, hakuna mafuta yanayotoka, na fundi anatangaza kuwa pampu imekufa. Mara nyingi pampu ni nzima. Injini imesimama mahali ambapo kemu imeisukuma pampu hadi mwisho, kwa hiyo kikono hakina kazi ya kufanya. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena. Nimeona pampu nzima zikitupwa kwa kutojua hilo.

Kama ekzosi inatoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, basi mafuta yanafika, joto ndilo halitoshi. Kwenye Massey Ferguson za zamani zenye injini ya Perkins, kama 135, watengenezaji walilifikiria hili. Walikuwa na sababu: Ferguson 35 ya dizeli iliyotoka miaka ya 1950 na injini ya Standard ilijulikana Uingereza kote kwa ugumu wa kuwaka asubuhi, na ikabadilishiwa injini ya Perkins. Kwenye manifodi ya kuingizia hewa kuna hita ndogo. Ukiushika ufunguo upande wa joto sekunde 15 hadi 20, waya wake unakuwa mwekundu, dizeli kidogo inadondokea hapo na kuwaka, hewa inaingia ikiwa vuguvugu. Weka kiganja juu ya manifodi karibu na hita. Ikibaki baridi, ama umeme haufiki, ama kijirija cha kudondoshea kimeziba. Katika matrekta mengi yaliyopita mikono mingi, hita ilitolewa na tundu likazibwa kwa bolti. Ukiirudisha, umemaliza nusu ya ugomvi wako na kipupwe.

Kisha kanyaga klachi unapowasha, ili stata isibebe pia oili nzito ya gia boksi. Oili ya injini yenyewe ikiwa ni SAE 40, kwa nyuzi 15 ni nzito; 15W-40 huzunguka kwa wepesi. Na kama bado injini imeganda, fungua bomba la chini la rejeta, mimina maji ya moto juu hadi yanayotoka chini yawe vuguvugu, ndipo ufunge na kujaza. Yasiwe yanachemka, kwa maana bloku baridi inaweza kupasuka.

Nimesema haya kwa kirefu kwa sababu njia zinazotumika badala yake ni mbaya. Jiko la mkaa chini ya sampu iliyolowa oili limeshika moto mara nyingi. Kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa, au etha ya kopo, hulipuka kabla pistoni haijafika juu na kuvunja ringi. Ikikutana na ile hita iliyo moto, hulipuka kwenye manifodi mbele ya uso wa aliyeishika. Kwa injini yenye ringi zilizolika, kijiko kimoja cha oili kwenye njia ya hewa huziba pengo kwa muda, na wasagishaji wenye injini za hendeli wanaijua dawa hiyo miaka mingi. Isizidi kijiko. Wenye Ferguson ya petroli nitawashughulikia wiki ijayo, maana ugomvi wao ni wa cheche na choki.

Limebaki jambo moja, nalo ni la uhai. Ferguson za zamani na Massey 35 na 135 zilitengenezwa zisiweze kuwaka zikiwa ndani ya gia: lazima wenzo wa gia uwekwe mahali pa kuwashia ndipo swichi yake iipe stata umeme. Swichi hiyo ikifa, fundi huiunganisha kwa waya, au dereva husimama chini, kati ya tairi la mbele na la nyuma, na kuigusisha stata kwa bisibisi. Siku gia ikisahaulika, injini ikawaka, tairi la nyuma linampita yeye kwanza. Mwenye trekta, kabla hujalipeleka kwenye mahindi mwaka huu, irudishe swichi hiyo, na umkataze dereva wako kuwasha akiwa amesimama chini.

(Itaendelea wiki ijayo)