Bakwiti: Chakula cha Njaa Kilichofika Meza Kuu

Wahenga walituasa: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Juma hili, ndugu msikilizaji, maneno hayo tuyapime kwa bakwiti, ambayo Wakorea huiita memil.

Bakwiti huhesabiwa pamoja na nafaka, ingawa si jamaa ya ngano wala ya mpunga. Mbegu zake zina pembe tatu, na unga wake ni wa kijivujivu. Sifa yake kubwa ni kukomaa upesi: miezi miwili na nusu hadi mitatu, hata katika udongo hafifu. Kwa hiyo, zamani mkulima wa Korea aliyekosa mvua ya kupandikiza mpunga alikimbilia kupanda bakwiti, ili majira ya baridi yasimkute na ghala tupu. Katika milima ya Gangwon, ambako mpunga hausitawi vizuri, ilikuwa tegemeo. Basi ikaonekana kuwa chakula cha maskini.

Je, huliwaje? Unga wake hauna gluteni, ambayo ndiyo huufanya unga wa ngano unate na kuvutika. Donge la bakwiti ukilivuta, hukatika. Wakorea waliuchanganya unga huo na wanga, wakalikandamiza donge katika chombo chenye matundu, tambi zikatumbukia moja kwa moja katika maji yanayochemka. Zikitiwa katika mchuzi wa baridi huitwa naengmyeon, na mji uliosifika kwazo ni Pyongyang.

Vita vya 1950 hadi 1953 viliwatoa watu wengi wa kaskazini makwao. Huko kusini baadhi yao walifungua mikahawa, na tambi hizo zikawa kumbukumbu ya nyumbani wasikoweza kurudi. Tarehe 27 Aprili 2018, Kim Jong Un na Moon Jae-in walipokutana Panmunjom, tambi za Pyongyang ziliandaliwa mezani. Siku hiyo hiyo watu wa Seoul wakapanga foleni kwenye mikahawa inayoziuza. Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza desturi ya tambi hizo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Tahadhari ni moja: wapo ambao miili yao huikataa bakwiti, na madhara yake huweza kuwa makubwa.

Mmea wenyewe haukubadilika. Yaliyobadilika ni macho ya walaji. Nasi tunaokumbuka mtama na muhogo wakati wa njaa tu, tuyatazame upya mashamba yetu.